Alhamisi Iliyompotea Clive Ormerod

Pua ya Clive Ormerod ilivunjwa mara nne, na mara zote nne alimaliza mechi. Mara ya tatu alifungwa bandeji kichwa kizima, damu ikimchuruzika hadi kwenye nembo ya jezi, na mashabiki wa Calderwick wakaimba jina lake mpaka mvua ikachoka. Picha ya siku ile imetundikwa kwenye baa ya klabu, juu ya mashine ya sigara iliyokufa zamani. Mgeni akiuliza ni nani yule, hujibiwa, "Huyo? Kocha wetu huyo. Kabla ya hapo alikuwa na sura nzuri zaidi, lakini si sana."

Alifika klabuni akiwa na miaka kumi na sita, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupiga brashi njumu za wakubwa na kusugua vyoo vya jukwaa la kaskazini. Mkufunzi wa wakati ule, mzee mwenye meno ya bandia na mdomo mchafu, alikuwa ameufunga mpira kwa kamba chini ya jukwaa ukining'inia, na beki aliyetaka chakula cha mchana alipaswa kwanza kuupiga kichwa mara mia. Clive aliupiga mia mbili. Mpira ukilowa ulikuwa mzito kama tofali, na mipira ya Calderwick ilikuwa imelowa tangu Agosti hadi Mei. Kwa miaka kumi na tisa alisimama katikati ya ulinzi akaondosha kila kilichokuja juu, na hakuna aliyemwomba afanye kingine. Pasi zake za mguu zilikuwa za kuhurumiwa. Katika maisha yake yote alifunga magoli mawili kwa mguu, moja likiwa kwenye lango lake mwenyewe.

Halafu akawa kocha. Klabu ya kwanza ilimfukuza kwa barua, ya pili kwa simu, na habari za ya tatu alizisoma kwenye gazeti lililofungia samaki na chipsi zake. Ya nne ilikuwa nyumbani, Calderwick, wakining'inia mkiani mwa daraja la nne. Walimchukua kwa sababu makocha waliowataka zaidi walikuwa wamekataa. Alikuwa na miaka hamsini na nne, na kila mtu alijua, yeye akiwa wa kwanza, kwamba klabu ya tano haikuwepo.

Jambo ambalo watu hawakulijua ni kwa nini alikuwa ameacha kuwaita wachezaji kwa majina. Wote walikuwa "kijana." Golikipa wa miaka thelathini na sita alikuwa kijana, na daktari wa timu mwenye wajukuu alikuwa kijana. Wachezaji walidhani ni adabu za makocha wa zamani, wakamwigiza wakiwa bafuni, wakacheka. Clive naye akacheka nao. Kila alichoambiwa alikiandika kwenye kipande chochote kilichokuwa karibu, akakitia mfukoni, na mkewe Glenys alikuwa akivitoa vipande hivyo jioni na kumsomea, kama mtu anayemsomea mwenzake barua za nyumbani.

Ilikuwa imebaki mechi tatu msimu uishe. Nahodha wao, Lee Sowerby, beki wa kati kama alivyokuwa Clive, na mwenye pua inayoelekea kuwa kama ya Clive, alipata kadi ya pili ya njano kwa kumwambia refa aende kupimwa macho. Akatolewa, akafungiwa mechi moja. Mechi hiyo ilikuwa ya Jumanne. Lakini Jumanne mvua ilinyesha tangu alfajiri, mto ukapanda hadi ukutani, na refa alipokuja kukagua alivaa mabuti ya mpira, akaenda hadi katikati ya uwanja, akauachia mpira kutoka kiunoni. Ulitua pwaa, ukakaa hapohapo. Refa akautazama, akamtazama Clive, akatikisa kichwa. Mechi ikaahirishwa kwa wiki moja.

Sasa, kila mtu anayeishi kwa mpira anajua kwamba kifungo hakifuati kalenda. Kinafuata mechi iliyochezwa. Jumanne haikuchezwa, kwa hiyo haikuhesabiwa, na Sowerby alipaswa kukaa jukwaani Jumamosi na kula mkate wake wa nyama kama watu wengine. Clive alilijua hilo tangu akiwa na chunusi. Ungemwamsha usingizini angekujibu.

Jumamosi saa nane mchana, saa moja kabla ya mpira kuanza, alikaa kwenye kiofisi chake kuandika orodha ya kikosi ya kumpelekea refa. Kwa kawaida karatasi ile ilipita kwanza mikononi mwa Bi Maureen Tattersall, katibu wa klabu, aliyekuwa hapo kwa miaka arobaini na moja na aliyejua kadi za kila mchezaji kuliko mama anavyojua chanjo za wanawe. Ila siku hiyo Bi Maureen alikuwa Fleetwood akimzika dada yake. Mkono wa Clive ukaandika namba moja, namba mbili, namba tatu. Namba tano ukaandika Sowerby bila kumuuliza Clive. Sowerby alipoitwa akadhani Bi Maureen ameshalipitisha jina.

Sowerby alifunga. Dakika ya themanini na moja, kona, akaruka juu ya wote, akaugonga kwa paji la uso ukaingia kama risasi. Bao moja kwa bila. Wanaume wenye wajukuu walikumbatiana. Mwenyekiti wa klabu, Bwana Gordon Entwistle, muuza mazulia, alimbusu Clive kwenye kipara mbele ya kamera. Kwa pointi zile tatu Calderwick walikuwa salama, hata kama wangefungwa mechi mbili zilizobaki kwa magoli kumi kumi.

Simu ililia Jumapili wakati Glenys akikaanga mayai.

"Clive."

"Bi Maureen! Umesikia? Tumebaki! Tumebaki, mama!"

"Nimesikia. Nina gazeti hapa mezani. Kwa nini Lee amecheza?"

"Asicheze kwa nini? Si ndiye aliyefunga!"

"Nimeona amefunga, picha ni kubwa kuliko ya malkia. Nakuuliza kwa nini amecheza."

"Kifungo chake kiliisha Jumanne."

Karatasi za gazeti zikachakarika upande wa pili.

"Jumanne tulicheza na nani, Clive?"

Clive akafungua mdomo. Akaona maji, akaona mabuti ya refa, akausikia ule mpira ukitua pwaa. Mayai yalikuwa yanaungua na Glenys alikuwa amegeuka kumtazama.

"Ungeniambia," alisema polepole.

"Nilikuambia! Alhamisi! Nilikuambia kwa mdomo wangu kwa sababu nilijua Jumamosi sipo. Ulikuwa umeegemea kabati la mafaili unamaliza biskuti zangu. Ukasema sawa, Bi Maureen. Ukasema, wala usiwe na wasiwasi, mzike dada yako."

Clive akaitafuta Alhamisi. Jumatano aliipata, walifanya mazoezi ya kona na mtu mmoja akateguka kidole. Ijumaa aliipata pia. Katikati ya hizo mbili akagusa na kugusa, kama ulimi unavyogusa mahali palipong'olewa jino, na hapakuwa na kitu.

Jumatatu asubuhi malalamiko ya wapinzani yalikuwa yameshafika kwenye kamati ya ligi, na Clive na Bi Maureen walikuwa wamekaa mbele ya Bwana Entwistle. Bi Maureen alikuwa bado na viatu vyeusi vya mazishini, mkoba magotini.

"Nina swali moja tu," alisema Mwenyekiti kwa sauti anayomuuzia nayo mjane zulia. "Wakili anasema hivi. Kama ni uzembe wa ofisi, kocha hakuambiwa, alimpanga mchezaji kwa nia njema, basi watatupiga faini na pointi zitabaki. Kama kocha alijua, zinaondoka. Clive, rafiki yangu. Uliambiwa au hukuambiwa?"

Jibu la kweli lilikuwa neno moja, sikumbuki. Lakini hilo ndilo neno alilokuwa akilikwepa kwa miaka miwili kama mtu anavyokwepa nyumba yenye mbwa. Alikuwa akizunguka mtaa mzima ili asipite mbele yake. Kulisema pale, mbele ya mtu aliyekuwa na uwezo wa kumfukuza kabla chai haijapoa, hakuweza.

"Hakuniambia," alisema.

Na alipolisikia likitoka akaliamini. Hakuwa na Alhamisi nyingine ya kulipinga.

Bi Maureen hakupiga kelele. Alimgeukia akamtazama kama mtu anayetazama basi lake likiondoka.

"We Clive," alisema, basi.

Mwenyekiti akamwomba funguo za ofisi. Zilikuwa kwenye pete moja na funguo za nyumbani kwake, na ile pete ilikuwa ngumu. Alihangaika nayo muda mrefu, wanaume wawili wakitazama dirishani, hadi ukucha wake ukavunjika. Hakuna aliyemsaidia. Kamati ingekaa Ijumaa.

Jumanne walicheza ile mechi iliyoahirishwa, Sowerby akiwa nje sasa, wakafungwa tatu bila. Jumatano Glenys alikuwa akitoa vitu kwenye mifuko ya suruali ya mazoezi ya Clive ili aifue. Alipomwekea soseji na viazi, aliweka pembeni ya sahani kipande cha bahasha kilichokunjwa mara nne.

Clive akakikunjua. Herufi kubwa, zimelala upande mmoja: LEE NJE J'MOSI. J'NNE HAIHESABIWI. MAUREEN KASEMA.

Alikisoma mara mbili. Soseji zikapoa.

"Mwandiko wako," alisema Glenys.

"Najua mwandiko wangu."

"Nimeuliza kama unajua?"

"Ungekitia jikoni kikaungua. Nisingejua."

"Nilisimama nacho pale kwenye moto dakika kumi nzima, usidhani sikusimama. Halafu nikamkumbuka Maureen alipokuja hospitali nilipomzaa Bethan. Wewe ulikuwa Plymouth, na kombe lako. Alikuja na kofia ya mvua na maua ya kuiba uwanjani." Glenys akakaa. "Ukiwaonyesha hiki, Clive, watakuuliza mtu anaandikaje kitu kwa mkono wake kisha asikijue. Utawaambia nini? Kila mtu atajua. Si klabu tu. Muuza nyama atajua."

"Muuza nyama tayari ananiona mjinga."

"Sicheki."

"Hata mimi."

"Nimekuomba mara ngapi twende kwa daktari?"

Alitaka kusema mara mbili. Alimtazama usoni akaona ni nyingi kuliko hizo.

Alhamisi alikwenda kwa Bi Maureen. Alimkuta sebuleni akipiga pasi mapazia, maana mwanamke yule alikuwa hawezi kukaa bila kitu cha kunyoosha. Hakumkaribisha kiti. Alivaa miwani, akakisoma kile kipande akiwa amekishika mbali, kama kina harufu, kisha akacheka mara moja, kicheko kikavu.

"Kumbe hata umeandika jina langu."

"Bi Maureen, mimi..."

"Kesho unafanya nini na hiki?"

"Nitawaonyesha."

"Ukiwaonyesha tunashuka."

"Jumamosi tunaweza kushinda."

"Kwa mabingwa? Kwao? Clive, hujashinda ugenini tangu Novemba, na ile Novemba golikipa wao alikuwa na homa." Akairudisha pasi kwenye pazia, mvuke ukapanda. "Nisikilize. Nyamaza. Nina miaka sitini na tisa. Wakisema Maureen amezeeka, amepotewa na karatasi, watu watapiga domo wiki mbili halafu watahamia kwa mwingine. Lakini tukishuka kwenye ligi hii haturudi. Tazama waliotutangulia. Mmoja uwanja wake sasa ni duka la samani. Marehemu mume wangu Stanley alisimama nyuma ya lango la kaskazini miaka thelathini, majivu yake yako chini ya lile goli. Nitamwambia nini, nilikushusha ili nisafishe jina langu?"

"Lakini si haki."

"Nani amekuambia ni haki? Nimekuambia unyamaze." Akaiweka pasi wima. "Nataka kitu kimoja tu kwako. Ujue. Basi. Katika mji mzima huu, nikipita sokoni wananinyooshea vidole, pawe na mtu mmoja anayejua haikuwa mimi."

"Najua," alisema Clive.

Bi Maureen akavua miwani. Alimtazama kwa muda, na hasira ikamshuka usoni, kikaja kitu kingine kilichokuwa kibaya zaidi.

"Tangu lini, Clive?"

"Tangu jana, Glenys alipokitoa mfukoni..."

"Siulizi karatasi. Nauliza kichwa."

Nje kulikuwa na mtu anavuta mapipa ya taka. Clive alisubiri apite.

"Miaka miwili," alisema. "Au mitatu. Sikumbuki."

Alicheka. Bi Maureen hakucheka.

Aliporudi kwenye gari hakuliwasha. Alishika usukani akatazama mlango wa yule mama, mlango wa kijani kama milango yote ya mtaa ule, na akafanya kitu ambacho alikuwa mzuri nacho tangu ujana wake: alitazama mpira unakuja na akajua utatua wapi. Akinyamaza kesho, atakuwa amenyamaza kwa mwezi, labda miezi sita. Baada ya hapo hatakuwa amenyamaza tena. Atakuwa hajui. Siku moja atakuwa amesimama sokoni na mtu, atamwona Bi Maureen anapita na kikapu, naye atasema, kwa moyo mweupe kabisa, "Yule mama nusura atuzamishe, unajua? Alisahau kuniambia." Na huyo ndiye mtu mmoja aliyeombwa ajue.

Kama ni kusema, ilibidi aseme wakati bado anacho cha kusema.

Kamati ilikaa kwenye hoteli moja kando ya barabara kuu, ukumbi wenye zulia ambalo Bwana Entwistle alilikagua kwa dharau alipoingia. Wazee watatu, meza ndefu, jagi la maji. Wakili alizungumza vizuri sana. Alimtaja Bi Maureen mara kumi na moja bila kumtukana hata mara moja, na kila mara alionekana mzee zaidi na mzembe zaidi. Kisha mwenyekiti wa kamati akamgeukia Clive, amthibitishie tu.

Clive akasimama, ingawa wengine wote walijibu wakiwa wamekaa.

"Aliniambia," alisema.

Bwana Entwistle akamvuta pindo la koti. Clive akaendelea kusimama, na kwa uzito wake haikuwa kazi ngumu. Akakiweka kile kipande mezani, akakinyoosha kwa kiganja.

Wazee wale walikipitisha mkono kwa mkono.

"Uliandika wewe, Bwana Ormerod?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulijua."

"Alhamisi nilijua."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi sikujua."

"Inawezekanaje?"

"Hata mimi najiuliza tangu Jumapili, bwana." Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka. "Nimeupiga mpira kichwa miaka kumi na tisa. Mia mbili kila asubuhi, Jumapili tu hapana. Sisemi ndiyo sababu, mimi si daktari, na kwa daktari bado sijaenda, naogopa. Nasema tu alichofanya yeye na nilichofanya mimi. Yeye aliniambia. Mimi nikaandika. Halafu ikatoka."

Mmoja wa wale wazee, mwenye pua iliyopinda ya mtu aliyecheza zamani, alimmiminia maji, akamsogezea bilauri bila kumtazama. Wakili akafunga faili lake. Wazee wakatoka kushauriana, na baada ya dakika ishirini walirudi wakasoma uamuzi: pointi tatu zimeondolewa.

Kwenye maegesho ya magari Bwana Entwistle hakupayuka. Ingekuwa nafuu.

"Umetuzika, Clive," alisema. "Ungekuwa mwongo ningekuchukia nikalala. Sasa nifanye nini?"

"Nifukuze."

"Nimeshakufukuza. Nilikufukuza uliposimama." Akatafuta funguo mfukoni, akazipata, akaziangusha. "Na uende ukapimwe hicho kichwa, bwana wewe. Mungu wangu. Miaka miwili unanipangia timu."

Jumamosi Clive alisikiliza redioni, jikoni, Glenys akimenya viazi ambavyo hakuna aliyekuwa na hamu navyo. Calderwick walipaswa kushinda. Walilinda vizuri, tena vizuri mno, Sowerby akizuia kwa meno, na mpaka dakika ya themanini na nane ilikuwa bila bila. Walikuwa hawajapiga hata shuti moja langoni, lakini redio ilisema bado muda upo, wanaweza kuiba. Halafu mabingwa wakapata kona. Mtangazaji akasema mpira unapigwa, na Glenys akaona shingo ya mumewe inakaza, mishipa inatoka, kichwa kinarudi nyuma kidogo pale kwenye kiti. Mtangazaji akapiga ukelele. Goli la kichwa. Hakuna aliyeondosha.

Shingo ikalegea taratibu. Glenys akazima redio, akaendelea kumenya.

Usiulize mji ulivyokuwa. Mtu mmoja alipaka rangi ukuta wa mbele ya nyumba yao, maneno mawili, la kwanza haliandikiki. Muuza nyama alimhudumia Glenys bila kusema habari za hali ya hewa, na kwa muuza nyama yule hiyo ni sawa na kumtemea mtu mate. Na walikuwepo wengine, wachache, waliovuka barabara ili wampe Clive mkono, wakimwongelesha kwa sauti kubwa na polepole kama kiziwi. Hao aliwachukia zaidi kuliko mwenye rangi.

Jumapili ya wiki iliyofuata, mchana, Bi Maureen alisimama mlangoni akiwa na mfuko wa plastiki. Ndani kulikuwa na kikombe cha Clive, filimbi, jozi ya soksi na kalamu. Alikuwa amerudishiwa ofisi yake asubuhi ya Jumamosi ile ya mechi ya mwisho, kwa barua ya mistari miwili, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandika orodha ya kikosi kilichokwenda kushuka daraja.

"Sikuja kukushukuru," alisema.

"Sikutegemea."

"Nilikuambia unyamaze."

"Uliniambia lini?"

Uso wa Bi Maureen ukapauka, mkono wenye mfuko ukashuka.

"Usinifanyie hivyo, Clive."

"Utani, Bi Maureen. Natania."

"Unatania kweli, au umesahau kweli?"

"Alhamisi," alisema Clive. "Ulikuwa unapiga pasi mapazia. Ulisema nijue, basi. Pawe na mtu mmoja."

Bi Maureen alitazama pembeni, kwenye ule ukuta uliopakwa rangi, akayasoma yale maneno mawili kama mtu anayesahihisha kazi ya shule. Gari lilipita likapunguza mwendo, kijana mmoja akatoa kichwa dirishani akapaza sauti, "Ormerod, umefika nyumbani au umepotea?"

"Nakujua wewe, Darren Pilling!" alifoka Bi Maureen, akigeuka na mfuko wake. "Na mama yako nakutana naye kesho!"

Gari likaongeza mwendo. Akamgeukia Clive, kifua kikipanda na kushuka, machozi yamemjaa na hakutaka kuyafuta mbele yake.

"Mwakani tunacheza na watu ambao uwanja wao unalishiwa kondoo," alisema. "Nimewaandikia asubuhi hii kuomba ratiba. Nimekasirika, Clive. Siwezi kukwambia nilivyokasirika. Ulinikana mbele ya muuza mazulia, halafu ukatushusha ili kunitakasa, yote mawili bila kuniuliza."

"Ndiyo."

"Nitakuwa nakuja kila Jumapili mpaka hasira hii iishe."

"Na mimi nikisahau umekasirikia nini?"

Bi Maureen akauhamisha mfuko mkono wa pili.

"Nitakusimulia tena kuanzia mwanzo," alisema. "Pamoja na zile biskuti."

Akampa mfuko. Clive akaupokea, akausogeza mwili wake mkubwa pembeni ya mlango, na yule mama akapita bila kufuta viatu, akaenda moja kwa moja jikoni kwa Glenys. Clive alibaki pale kizingitini na mfuko mkononi, akijaribu kukumbuka ile filimbi ilikuwa ya klabu au yake.